Mahari Hadi Pangani

Sheikh Khamisi alipouliza bibi arusi anataka mahari gani, jibu lilitoka nyuma ya pazia papo hapo.

"Anipeleke Pangani."

Ilikuwa sebuleni kwa Shamsi, mdogo wa kiume wa bibi arusi Zaitun, Kasulu mjini, nyuma ya maduka ya vitenge, mwanzoni mwa mwaka 2015. Shamsi ndiye aliyekuwa walii, kwa kuwa baba yao alishatangulia mbele ya haki. Alikuwa amejiandaa kusikia ng'ombe, au cherehani, au kitanda cha mninga, na uso wake ulishakaa tayari kwa jambo la namna hiyo. Sasa haukujua ukae vipi.

"Pangani gani, dada?"

"Kwani ziko ngapi? Pangani ya Tanga. Ya babu."

Shangazi Mwanaamina, aliyekaa naye chumbani kama somo wake, akampiga kofi la paja. "We mtoto! Tangu lini mtu akaolewa kwa kilomita?"

Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka arobaini na nane, mjane, mwenye duka lake la vitenge na madera karibu na stendi. Babu yake alitoka Pangani akiwa kijana, akafuata biashara mpaka Tabora, Tabora mpaka Ujiji, Ujiji akapanda milima mpaka Kasulu, na hapo baridi na binti mmoja wa Kiha wakamshika, asirudi tena. Mpaka anakufa alikuwa akisema migebuka ni samaki mzuri, maskini, ila kakulia kwenye maji yasiyo na ladha. Zaitun alishushwa Kigoma mara moja, msichana, akaambiwa tazama, ziwa hili ni kama bahari. Akachota kwa kiganja akaonja. Akatema. Halikuwa na chumvi. Tangu siku hiyo hakumwamini mtu aliyesema kitu hiki ni kama kile.

Na dukani kwake, watu walikuwa wa kupita tu. Madereva waliwanunulia kanga wake zao wa Morogoro. Wafanyakazi wa mashirika walichukua vitenge vya kupeleka Arusha. Hata wanawake wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, waliokuwa hawaruhusiwi kwenda popote, walikuja na kibali cha siku moja, wakachagua nguo huku wakitaja miji ya Kongo walikozaliwa. Zaitun alikunja, akafunga, akatia kwenye mfuko. Yeye alikuwa ndiyo stendi. Stendi haisafiri.

Ndipo akaja Gharibu. Huyu alikuwa Muha wa Mabamba, kule mpakani, wilaya ya Kibondo, na alikuwa ameendesha malori miaka mingi mpaka magoti yakagoma. Aliingia dukani kununua kanga ya dada yake, akakalishwa kwenye stuli kwa sababu ya mvua, na mvua ilipokatika hakuondoka. Wanaume wengine huja kuposa na pete. Gharibu alikuja na Nzega. Kesho yake akaja na Singida. Wiki iliyofuata akaleta Dodoma, na namna alivyokwama tope la Dodoma enzi zile barabara ikiwa udongo, akala zabibu asubuhi, mchana na jioni mpaka meno yakamsisimka. Zaitun alisikiliza akiwa ameegemea meza, mita ya kupimia nguo ikining'inia shingoni, na wateja wakawa wanajihudumia wenyewe.

Kitu ambacho Zaitun hakukijua, na Shamsi alikijua, ni kwamba Gharibu alikuwa ameichoka barabara. Alimwambia Shamsi siku alipoleta posa: "Shemeji, nimelala chini ya gari vya kutosha. Nataka mahali ambapo nikilala leo, kesho nitaamka papo hapo. Nataka baraza." Zile safari alizokuwa akimsimulia Zaitun zilikuwa kama nguo za zamani, mtu anazitoa sandukuni kuonyesha, si kuvaa.

Kwa hiyo Zaitun alipotaja Pangani, Shamsi alimtazama shemeji yake kwa huruma. Gharibu alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Sheikh," Shamsi akauliza, "hiyo inakubalika?"

Sheikh Khamisi alikuna ndevu. "Inakubalika. Ni manufaa, yana thamani. Ila mahari lazima yajulikane. Huwezi kusema nipeleke, ukanyamaza. Kwa chombo gani? Kwa njia ipi? Mnalala wapi, mnaona nini? Msipotaja leo, mtakuja kunitafuta kesho na ugomvi."

Basi ikabidi safari ipangwe pale pale, mbele ya mashahidi, sinia la halua likiwa katikati. Gharibu akakohoa.

"Chombo ni Land Cruiser yangu. Tunatoka hapa asubuhi. Kibondo, Kakonko, Nyakanazi."

"Mnalala Nyakanazi?"

"Nyakanazi wanalala wenye malori, Sheikh. Bibi arusi analala Kahama."

"Kahama kuna nini?" sauti ikauliza nyuma ya pazia.

"Kuna taa. Utadhani mji una harusi kila siku."

"Ehe."

"Kesho yake Singida. Kuna ziwa mjini kabisa, na mawe makubwa yamejilaza kama ng'ombe waliokunywa maji. Tunakula kuku. Halafu Dodoma."

"Zabibu," Zaitun akamkumbusha.

"Zabibu. Unachuma mwenyewe kwa mkono. Halafu Morogoro, maji yanashuka mlimani unayaona ukiwa umelala kitandani." Sauti yake ilikuwa imeanza kupata joto, kama injini asubuhi. "Tukitoka Morogoro tunachepuka kwenda Mikumi. Barabara imekatiza katikati ya mbuga. Twiga anakutazama kama mtu aliyekusahau jina."

"Kumwona ukiwa barabarani, au kuingia ndani?" Shamsi akauliza. "Maana ndani kuna kiingilio."

"Yajulikane," Sheikh akasema.

"Kuingia!" pazia likasema.

Gharibu akainamisha kichwa. "Kuingia."

Dar es Salaam ilipita bila ubishi, kwa sharti apelekwe Kariakoo akaone vitenge vinakotoka. Halafu Bagamoyo. Halafu Gharibu akataja Saadani, akasema hiyo ni mbuga inayoishia baharini, tembo wanashuka mpaka kwenye mchanga wa ufukweni.

"Shemeji, hapo umezidisha chumvi," Shamsi akasema, na sebule nzima ikacheka.

"Wallahi tena."

"Tembo wanaogelea?"

"Sijasema wanaogelea. Nimesema wanashuka."

"Andika tembo," Zaitun akasema, ingawa hapakuwa na aliyekuwa akiandika. "Halafu?"

"Halafu tunavuka mto kwa pantoni. Halafu Pangani."

"Pangani kuna nini?"

Gharibu akaigeuza kofia mikononi. "Kuna... Pangani yenyewe."

"Na kurudi je?" Sheikh akauliza. "Kurudi nako kumo kwenye mahari?"

"Kurudi sikuomba," akasema Zaitun.

Sheikh akaamuru msahafu mmoja utolewe siku ya ndoa, ili ndoa isisimame juu ya dizeli peke yake, na safari ifuate. Ilibaki kesi ya Shangazi Mwanaamina. Yeye alitoka chumbani kabisa, akasimama katikati ya wanaume. Katika ukoo wao, tangu huyo babu wa Pangani, bibi arusi hukaa fungate ndani ya nyumba, siku saba, na hina yake na udi wake, hapigwi jua, hashiki mtungi wala mwiko. Mnataka kumtembeza barabarani kama gunia la mahindi?

"Shangazi, mimi si mwari," Zaitun akalalamika.

"Umeolewa au hukuolewa? Basi fungate ni fungate."

Walibishana mpaka halua ikaisha. Mwisho ni Mwanaamina mwenyewe aliyepata njia: fungate itakaliwa ndani ya gari. Gari litawekwa mapazia ya kanga kwenye vioo vyote vya nyuma, bibi arusi akae humo, asishuke ila kwa haja na kwa kulala, asishike kazi. Gari litahesabiwa nyumba.

"Nyumba yenye magurudumu," Shamsi akasema.

"Ndiyo mnayoitaka!"

Ndoa ilifungwa mwezi wa tano, kabla ya Ramadhani kukaribia. Kufikia hapo redio ilikuwa haina habari nyingine: Burundi kumechafuka, watu wanavuka. Malori ya mashirika yalipita Kasulu mchana kutwa kwenda Nyarugusu, yamejaa watu na magodoro. Shamsi alimshauri dada yake wangoje kidogo.

"Nimengoja tangu nizaliwe," Zaitun akamjibu. "Nikingoja kidogo zaidi nitakuwa nimengoja yote."

Waliondoka asubuhi yenye ukungu. Zaitun alikaa kiti cha nyuma, hina mpaka kwenye viwiko, madera sita mapya sandukuni, moja la rangi ya samawati alilolishona kwa ajili ya ufukweni. Mapazia yalipepea. Walipofika mahali ambapo Mwanaamina hawezi tena kuona, akafungua pazia la kushoto. Wakipita Makere alifungua na la kulia. Vumbi likaingia, akalipokea.

Kulikuwa na jambo moja tu la kumaliza njiani. Kwa Gharibu, mke hapelekwi popote kabla hajaonyeshwa kwa aliyemlea mume, na aliyemlea Gharibu ni dada yake Zena wa Mabamba. Njia ni ile ile mpaka Kibondo, halafu wanachepuka kwenda mpakani, wanakunywa chai, wanabarikiwa, wanarudi Kibondo na kushika njia ya Kahama. Kuchepuka mara moja.

Walipoiacha Kibondo, katika ile barabara nyembamba ya migomba na mihogo, Zaitun aliinama mbele kati ya viti.

"Baba," akamwita hivyo kwa mara ya kwanza, akaona haya mwenyewe, "nisimulie Pangani. Kule kote umenisimulia, Pangani unaruka."

Gharibu alibadili gia. Alibadili tena, pasipo haja.

"Sijawahi kufika," akasema.

"Hujafika?"

"Tanga nimefika sana. Kibao cha Pangani nilikuwa nakiona. Mzigo haukuwahi kwenda huko. Sikuweza kulisema hilo pale mbele ya Sheikh, ningeonekana naoa kwa maneno matupu."

Zaitun alirudi nyuma, akaegemea. Alijaribu kukasirika, hasira ikakataa kuja. Kilichokuja kilikuwa kingine. Kumbe huko mbele kabisa kulikuwa na mahali ambapo huyu mwanamume naye hajui kona ya kwanza.

"Basi kule tutafika wote wageni," akasema.

"Ndivyo."

"Basi endesha."

Uwanja wa Zena haukuwa na mahali pa kuweka mguu. Watu walikuwa wamekaa kwenye majamvi, kwenye madumu, chini ya ukuta wa jiko, kwenye kivuli cha kahawa. Kulikuwa na mbuzi, baiskeli, magodoro yaliyokunjwa kama chapati. Watoto walikuwa kimya, na hicho ndicho kilichomtisha Zaitun kuliko vingine vyote. Zena alitokea na sufuria mkononi, mwanamke mrefu, mweusi tii, mwenye ulimi.

"Wifi, karibu! Chagua pa kukaa ukipaona. Hawa ni ndugu zangu, wengine wa damu, wengine wa tangu jana."

Kijito cha mpakani hakikuwa mbali, na watu wa upande ule na upande huu walioana tangu zamani, lugha ni moja ukitoa tofauti ndogo ndogo. Mzee mmoja aliyeitwa Ndihokubwayo, aliyekalia beseni lililopinduliwa, alilitazama gari na mapazia yake kwa muda.

"Mwakeye," akasalimu. "Mmebeba mgonjwa?"

"Bibi arusi," Gharibu akasema.

Mzee akainuka kwenye beseni lake, akavua kofia. Akabaki ameishika hivyo, na wengine nao wakaanza kuinuka, mmoja mmoja, wanawake wakipiga vigelegele vya chini chini, vya watu waliochoka. Zaitun, aliyekatazwa kushuka, hakujua aangalie wapi.

Hawakumaliza hata chai. Mtendaji wa kijiji alikuja kwa miguu, shati limemganda. Malori yanakuja, akasema, lakini hayafiki huku chini kote, na kutembea mpaka yanakopakilia kuna wasioweza. Kuna waliojifungua juzi. Kuna wenye homa wanaotakiwa hospitali Kibondo. Nimewaandikia kibali, gari ndilo sina. "Mzee Gharibu, safari moja tu."

Gharibu aliweka kikombe chini. "Gari si langu," akasema.

"Si lako vipi? Nalijua hili gari."

"Mpaka Pangani ni la mke wangu. Ni mahari yake. Muulize yeye."

Mtendaji akageuka, na Zena akageuka, na Ndihokubwayo aliyekuwa bado ameshika kofia. Zaitun alihisi damu ikimpanda masikioni. Aliwachukia wote kwa kitambo. Alimchukia na Gharibu, akawaza: huyu amefurahi, amepata sababu, hakutaka kwenda tangu mwanzo. Akamkazia macho atafute furaha hiyo. Hakuiona. Aliona mzee aliyesimama kando ya gari lake kama utingo anayengoja amri.

Alitaka kusema hapana. Neno lilifika mpaka kwenye meno.

"Moja," akasema. "Moja, halafu Kahama."

Akashuka. Akayavuta mapazia ya kanga mwenyewe, moja baada ya moja, maana yalikuwa yanaziba hewa na watu wangekuwa wengi. Pazia moja akampa mama mmoja afungie mtoto mgongoni. Basi fungate ya Shangazi Mwanaamina ikavunjika hapo, uwanjani kwa Zena, mchana kweupe, na hakuna aliyeiona ikivunjika isipokuwa aliyeivunja.

Ile moja ilikuwa na pili ndani yake, kama kawaida ya mambo hayo. Walilala kwa Zena chumba kimoja na watoto, asubuhi mtendaji alishafika. Zaitun akawa anakaa mbele, mtoto wa mtu mapajani, mwingine kati ya miguu. Kila walipoingia Kibondo mjini walifika mahali njia zinapoachana, ya kulia inarudi Kasulu, ya kushoto inakwenda Kakonko, Nyakanazi, Kahama yenye taa. Kila walipofika hapo aliangalia kushoto. Gharibu alimwona akiangalia. Alipunguza mwendo kila mara, kidogo tu, kama mtu anayepita mbele ya msikiti, halafu akashuka hospitali.

Siku moja alipanda msichana aitwaye Consolée, tumbo limeshamfika kwenye kifua, hana mtu. Walipoteana na mumewe kabla ya kuvuka kijito. Alikaa karibu na Zaitun, kimya, mpaka alipoiona hina.

"Mama, hiyo ni harusi ya nani?"

"Yangu."

"Bwana yuko wapi?"

"Si ndiye huyo anayeendesha?"

Consolée aliinama mbele akamtazama Gharibu na mvi zake zilizojaa vumbi. "Huyu mzee?"

"Nasikia," Gharibu akasema.

Msichana akaficha mdomo kwa kiganja, mabega yakamtikisika. Huko nyuma mtu naye akacheka, halafu mwingine. Ilikuwa mara ya kwanza gari lile kubeba kicheko tangu litoke Kasulu.

"Mlikuwa mnakwenda wapi, mama?"

Zaitun hakutaka kusema. Kuwaambia watu waliokimbia kwamba wewe ulikuwa unakwenda kutembea, hilo nalo lina uso gani? Lakini msichana alikuwa amemgeukia kabisa, anangoja. Basi akaanza. Kahama, taa. Singida, mawe yaliyojilaza kama ng'ombe waliokunywa maji. Dodoma, unachuma kwa mkono. Aliisikia sauti yake ikipanda na kushuka mahali pale pale ambapo ya Gharibu hupanda na kushuka. Nyuma kukatulia. Wengine hawakuelewa Kiswahili chote, mmoja akawa anawatafsiria. Akaeleza twiga wa Mikumi. Akaeleza mbuga inayoishia baharini.

"Hapo kwenye tembo," Consolée akasema, "rudia."

Akarudia. Gari likapanda mlima, likashuka. Alipofika Pangani akaishia hapo, kwenye jina tupu.

"Pangani kuna nini, mama?"

"Hatujui. Sisi wote hatujui."

Walipomshusha hospitali, Consolée alimshika mkono, akaugeuza, akautazama ule wekundu uliokuwa umeanza kuchujuka. "Murakoze," akashukuru. "Mkifika, mtazame na kwa macho yangu."

Zaitun alirudi kwenye gari akakaa. Kwa mara ya kwanza siku zile zote alilia, uso ameugeuzia dirishani. Hakuwa analilia wakimbizi, ingawa angeulizwa angesema hivyo. Aliililia Singida. Alililia lile dera la samawati ambalo lilishavaliwa na mwanamke mwingine aliyefika na nguo moja iliyolowa. Gharibu hakumuuliza. Alizima injini, akangoja, na watu waliosubiri gari kule Mabamba wakangoja pamoja naye bila kujua.

Klachi ilikufa kwenye mlima, gari likiwa tupu, shukuru Mungu. Gharibu alilala chini yake kwa magoti yake yale yale, akatoka na mafuta mpaka kwenye kope, akasema spea haipo Kibondo, labda Kasulu, labda Mwanza. Likafungwa kamba likavutwa mpaka Kasulu nyuma ya lori la chumvi, na Zaitun ndani yake, ameketi kwenye usukani kwa sababu mtu lazima akae kwenye usukani, anaongoza mahari yake kurudi nyumbani.

Ramadhani ilikuwa inabisha hodi. Shangazi Mwanaamina alipomwona alivyoungua jua, kanga imechanika, kucha zimejaa udongo, alikaa chini kabisa sakafuni.

"Hii ndiyo fungate?"

"Ndiyo hii, shangazi."

"Na bahari?"

"Haikuonekana kutoka Kibondo."

Ijumaa yake watu walikusanyika tena kwa Shamsi, safari hii kwa kisomo cha shukrani. Habari za Mabamba zilikuwa zimeshatangulia, kila mtu anamsifu Gharibu, na Zaitun anasifiwa kwa kupitia kwa Gharibu. Baada ya dua, Sheikh Khamisi akamgeukia kwa upole. Sasa hakukuwa na pazia.

"Binti yangu, mahari ni haki yako, hakuna wa kukunyang'anya. Lakini mke akitaka anaweza kumsamehe mumewe. Ninyi mlitoka kwa safari moja, Mwenyezi Mungu akawapa nyingine, pengine bora zaidi. Gari limekufa, mzee amechoka. Ukisema mbele yetu umesamehe, thawabu yake ni kubwa, na moyo wa mumeo utapumzika."

"Samehe, mwanangu," Mwanaamina akasema.

"Dada, samehe," Shamsi akasema. "Mwenzio alitaka baraza tu tangu mwanzo. Aliniambia."

Hapo ndipo Zaitun alipojua. Alimgeukia Gharibu. Gharibu alikuwa amekaa karibu na mlango, mahali pazuri, upepo unaingia, na nje kuna baraza pana iliyosakafiwa upya, na kiti cha kamba alichowekewa na Shamsi kwa heshima.

"Ni kweli?"

"Kweli."

"Kwa hiyo zile hadithi zote..."

"Zilikuwa za kunifanya nisitoke dukani kwako."

Watu wakacheka. Zaitun hakucheka. Ilikuwa rahisi sana sasa kusema neno moja, kila mtu akatabasamu, na kesho afungue duka, akunje, afunge, atie kwenye mfuko.

"Na sasa unasemaje?" akamuuliza. "Nikusamehe?"

Gharibu alikiangalia kile kiti cha kamba kule nje. Alikiangalia kwa muda mrefu, kama mtu anayeaga.

"Usinisamehe," akasema.

"Bwana," Sheikh akashangaa, "unafunguliwa mzigo, unakataa?"

"Nimesikia, Sheikh. Lakini najijua. Akinisamehe nitakaa. Nitakaa pale nje nitazame bodaboda mpaka nife, na huyu nitakuwa namsimulia Singida ile ile kila siku, mpaka itamchosha, mpaka hata yeye hataitaka tena. Sitaki afike mahali asiitake. Kule njiani nilimsikia anavyowaeleza wale watu. Anaeleza kule kuliko mimi, na hajawahi kufika." Akapangusa uso. "Asinisamehe. Nidaiwe."

Sheikh Khamisi alimtazama Zaitun, nyusi zimepanda, anangoja.

"Sijasamehe," Zaitun akasema. "Mashahidi mpo. Sijasamehe hata Kahama."

"Basi deni lipo," Sheikh akasema, akafunga kitabu chake, na mtu aliyekuwa karibu naye angeona kwamba alikuwa anazuia kucheka.

Gharibu akainuka kwa shida, akavaa makubazi yake, akatoka. Akakipita kiti cha kamba, akashika njia ya kwa fundi, kuuliza habari za klachi. Zaitun alimfuata mpaka mlangoni.

"Na uulize lini!" akampigia kelele.

Alinyanyua mkono bila kugeuka. Mbele yake basi la Kahama lilikuwa linatoka stendi, limefungwa magodoro juu, linapiga honi kuwatoa watu barabarani. Gharibu akasimama kulipisha, vumbi likamfunika, likamwachia, akaendelea kutembea. Zaitun akabaki amesimama pale mlangoni, mkono kwenye fremu, hata baada ya mzee kupotea kwenye kona, na basi kupotea, na vumbi lenyewe kushuka chini.